Karatasi Niliyoshindwa Kuisubiri

Isevya, Tabora
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa miezi minne ambayo sikukuamkia. Magoti yako yanaendeleaje? Bado unayakanda kwa mafuta ya nyonyo, au yamekwisha ukanyamaza kama kawaida yako? Mawese na dagaa ulivyompa Bi Mwamvua nilivipokea vyote, hata chupa haikuvuja. Ahsante sana mama.

Zena mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole wala usiruke mahali. Nakujua. Ukifika penye huzuni utataka kusema "hapa hapasomeki". Panasomeka. Msomee.

Mama, najua Bi Mwamvua aliporudi Ujiji alikuambia nimekonda na kwamba pengine nimefukuzwa kazi. Kukonda ni kweli. Kufukuzwa sikufukuzwa, ingawa kuna siku huona afadhali ningefukuzwa. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Leo nimeona niandike tu kama mambo yalivyokuwa, kwa sababu hapa sina mtu wa kumwambia.

Maabara yetu unaijua kwa maneno yangu: vyumba viwili tu, tunapima maji ya mkoa mzima. Mkubwa wetu ni Bwana Seif, mtu wa hapa hapa mjini, ambaye wazee wake walikuja na misafara ya biashara wakaoa na kubaki. Wakati wa Mwingereza alikuwa mwosha chupa. Aliosha chupa miaka kumi kabla ya kuruhusiwa kushika kipimo, na ndiyo sababu chupa isiyo safi huiona kama mtu mwingine anavyoona nyoka. Nilipofika hapa kutoka chuoni, wiki tatu za kwanza hakunipa kazi nyingine ila kuosha, na kila nikimaliza huinua chupa juu dirishani, aitazame, kisha aseme, "Rudia." Siku niliyokasirika aliniambia, "Tatu, karatasi inayotoka humu ni shahidi. Shahidi ambaye hakuona, na anyamaze."

Basi mwanzoni mwa kiangazi ililetwa chupa kutoka zahanati ya kijiji kimoja cha ujamaa, upande wa Bukene kwenye reli ya Mwanza. Ilikuwa chupa ya dawa ya kikohozi, imezibwa kwa gunzi la mahindi. Mganga wa zahanati aliandika kwamba watu wanatapika, wanashikwa na kizunguzungu, na wengine miguu inaishiwa nguvu. Walihamishiwa pale mwaka jana, wakachimba kisima, na kisima kile hakiko mbali na josho la zamani la kuogeshea ng'ombe. Dawa ya josho ya enzi zile ilikuwa na aseniki, sumu ya kuulia kupe, na mtu akiinywa kidogo kidogo humla mwili. Mganga aliuliza swali moja tu: je, sumu imeshuka kisimani?

Bwana Seif alinusa ile chupa akaiweka chini.

"Tukipima hii, tutakuwa tumepima kisima au dawa ya kikohozi?"

Hakungoja jibu. Kesho yake nilikuwa ndani ya treni na chupa zetu nne, safi, zimefungwa kwenye sanduku la mbao.

Mganga alinipokea Bukene akanipakia kwenye keria ya baiskeli. Kijiji ni kipya hasa, nyumba zimepangwa mistari kama watoto wa shule, na wenyeji wenyewe bado walikuwa wakikosea milango. Nililala kwa mama mmoja anayeitwa Mama Shija. Mumewe yuko Urambo kwenye mashamba ya tumbaku, yeye anaishi na binti yake wa miaka miwili, huyo Shija. Mtoto yule, mama, hakuogopa mgeni. Alikaa juu ya mguu wangu kama juu ya kigoda, akaanza kunihesabu vidole, moja, mbili, moja, mbili, maana namba nyingine hakuwa nazo.

Asubuhi wanawake walinisindikiza kisimani. Kisima kile walikichimba wenyewe kwa zamu, wanaume kwa wanawake, na maji yalipotokea walipiga ngoma hadi jua likazama. Kabla ya hapo walikuwa wakichota kwenye lambo, bwawa la maji ya mvua, mwendo wa saa mbili kwenda, na ng'ombe nao hunywa humo humo. Nilisuuza chupa zangu kwa maji yale yale ya kisima kama nilivyofundishwa, nikajaza, nikaziba, nikaandika, nikapiga lakiri, ule muhuri wa nta. Walinitazama kama wanaotazama sala.

Nilipomaliza Mama Shija akauliza, "Sasa mdogo wangu, tunywe au tusinywe?"

"Subirini karatasi."

"Itakuja lini?"

"Wiki moja tu, dada."

Nilisema vile kwa kujiamini, mama. Wiki moja tu.

Sasa nikueleze kipimo chenyewe. Maji unayatia kwenye chupa ndogo pamoja na asidi na vipande vya zinki, yanachemka bila moto, na hewa inayopanda inapita kwenye kipande cha karatasi iliyotiwa dawa. Kama hakuna aseniki, karatasi hubaki nyeupe. Kama ipo, hugeuka manjano, na ikizidi hugeuka hudhurungi. Nilikaa mbele ya chupa ile nikaona karatasi inageuka. Manjano, kisha hudhurungi.

"Sumu ipo!" nikasema.

Bwana Seif hakuinuka. "Chupa ya maji safi inasemaje?"

Hii ndiyo sheria yake kubwa. Kila unapopima maji ya watu, sharti upime na maji yaliyokenekwa, yaliyotokana na mvuke, ambayo unajua hayana kitu, kwa zinki ile ile, asidi ile ile na karatasi ile ile. Mama, ni sawa na mtu anayeonja mchuzi kwa kijiko kilichotoka kwenye chumvi. Atasema mchuzi umeharibika, kumbe ni kijiko. Basi nikapima maji safi, na karatasi yake nayo ikageuka hudhurungi. Nikarudia. Ikageuka tena. Safari hii maji safi yalionekana machafu kuliko ya kisima. Nikarudia mpaka vidole vikababuka kwa asidi.

Zinki ndiyo iliyokuwa mbovu. Kopo letu zuri lilikuwa limekwisha, na lililoletwa badala yake lilikuwa na lebo iliyochanika, hatukujua hata limetoka wapi. Zinki hafifu huwa na aseniki ndani yake yenyewe. Kwa hiyo huenda kisima kilikuwa na sumu na huenda hakikuwa nayo, na kwa vyombo tulivyokuwa navyo hapakuwa na njia ya kujua.

Bwana Seif alipiga simu ya upepo Dar es Salaam kuomba zinki safi. Wakajibu bohari haina, wanangoja meli. Tukawapelekea chupa yetu moja wapime wao. Ikarudi barua: sampuli imefika na lakiri imevunjika, haiwezi kupokelewa, leteni nyingine. Nilikasirika sana, lakini mama, ingekuwa mimi niko kule ningeandika maneno hayo hayo.

Na kule kijijini watu wanatapika. Mganga aliandika barua ya pili, na ya tatu. Nikaingia kwa Bwana Seif nikamwambia, "Tuandike basi kwamba tunashuku. Wafunge kisima mpaka tujue."

"Wakifunga watakunywa nini?"

"Lambo."

"Lambo umelipima?"

Nikatikisa kichwa.

"Tatu, nikiandika ni sumu, nawarudisha lambo. Nikiandika ni salama, nawaambia wanywe. Yote mawili ni hukumu, na mimi sina ushahidi." Halafu akavua miwani akafuta macho, nikaona yeye naye hajalala. "Nenda ukachote sampuli nyingine ya kupeleka Dar. Ukiulizwa, sema bado tunapima. Usiongeze neno."

Nikaenda. Nilimkuta mwenyekiti wa kijiji, Mzee Maganga, ananingoja njiani.

"Umeleta karatasi?"

"Bado tunapima, mzee."

"Mwezi mzima mnapima debe moja la maji? Wakubwa wa wilaya wameniambia wazi, watu wakitishwa wakakimbia kijiji, ni mimi nitakayeulizwa. Nikitangaza kisima kibaya, nataka karatasi mkononi. Bila karatasi nitasema nini? Kwamba binti wa mjini ana wasiwasi?"

Nilijaza chupa zangu nikarudi nyumbani kwa Mama Shija kuchukua mkoba. Yeye mwenyewe alikuwa ametapika asubuhi ile, ameegemea ukuta. Mtoto alikuwa mzima, anacheza na kifuniko cha sufuria. Mama Shija akanishika mkono. Hakuniuliza kama mtu wa maabara. Aliniuliza hivi: "Angekuwa mwanao, ungempa maji haya?"

Mama, niliiona ile karatasi ya hudhurungi mbele ya macho yangu. Nilijua kabisa kwamba haina maana. Nilijua, kwa sababu ni mimi niliyepima maji safi nikaona. Lakini mtoto alikuwa amekaa pale. Nikasema, "Nisingempa."

Neno moja. Nikapanda baiskeli nikaondoka.

Zinki safi ilikuja wiki ya tano, kopo jipya, lebo nzima. Bwana Seif alilifungua mwenyewe. Tulipima maji safi kwanza, karatasi ikabaki nyeupe kama maziwa. Tukapima kisima. Nyeupe. Tukarudia kwa chupa ya pili. Nyeupe. Jibu la Dar lilipokuja baadaye nalo likasema hivyo hivyo. Maji ya kisima kile hayana aseniki hata chembe. Nilicheka kwa sauti, na Bwana Seif, ambaye huwa hacheki kazini, alitabasamu akachukua kalamu kuandika cheti.

Saa sita ya siku hiyo hiyo yule mganga wa zahanati alikuwa mjini kuchukua dawa, akapita kuulizia. Nikampa cheti kwa mikono miwili. Akakisoma, akashusha pumzi.

"Alhamdulillah. Basi ni mihogo, kama daktari wa Nzega alivyosema. Mwaka huu wa njaa watu wamekula ile michungu yenye sumu, na kwa haraka ya kutaka kula hawakuiloweka vya kutosha. Waliokwisha kuambiwa waloweke siku zote zinazotakiwa, wanapona." Akakunja cheti akakitia mfukoni. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka salamu, "Yule mwenyeji wako, Mama Shija, kafiwa na mtoto. Kuhara damu, siku tatu tu. Alikuwa amerudia kuchota lambo peke yake, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi na ndoo kichwani. Sijui nani alimtia hofu."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka nilikuwa nimeshika bomba la kioo na niliendelea kulipangusa, kulipangusa, mpaka Bwana Seif alipolitoa mkononi mwangu.

Nilimwambia ukweli siku ile ile. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa nimejiandaa. Akasema, "Na mimi ndiye niliyekutuma peke yako." Basi. Akageuka kusafisha meza iliyokuwa safi.

Nilikwenda kijijini kutoa pole. Mkutano wa kijiji ulikuwa umekwisha, Mzee Maganga alikuwa ameshasoma karatasi mbele ya watu wakapiga vigelegele, kisima chao hakina doa. Nilimkuta Mama Shija nyumbani na nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu kwenye treni. Alinitangulia.

"Hawa majirani wote waliendelea kunywa kisimani," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Na watoto wao wapo."

"Ndiyo."

Alikuwa akichambua mihogo iliyolowekwa, anatoa nyuzi moja moja. Nilikaa kwenye kizingiti, na yale maneno yangu hayakutoka hata moja. Nilipoaga akaubeba mkoba wangu kichwani akanifikisha njiani, kama desturi ya mwenyeji. Nilitamani anitukane, mama. Nilitamani anipige. Alisema tu, "Ufike salama."

Sasa jambo la wiki hii, lililonifanya nikuandikie.

Jumanne nilitoka nje kumwaga maji nikamkuta amekaa kwenye ngazi za maabara. Alikuwa amekuja kwa treni, safari yake ya kwanza kufika Tabora, ameuliza njia tangu stesheni. Mapajani alikuwa na chupa imeviringishwa kwa kipande cha kanga.

"Haya ni ya lambo," akasema. "Nipimie."

Nikapiga magoti mbele yake pale pale. "Dada, ni mimi niliyekuambia usimpe maji ya kisima. Nilisema kitu nisichokijua."

"Najua ni wewe," akasema. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Wengine wananiambia ni mapenzi ya Mungu, wengine wananiambia ni watu wabaya. Wewe unapima. Nataka kujua kama ni maji haya."

Mama, wadudu wa kuhara hatuna chombo cha kuwapima hapa kwetu. Hata kingekuwepo, maji ya kipimo hicho huchukuliwa kwa chupa iliyochemshwa, yakafikishwa siku hiyo hiyo yakiwa ya baridi. Yake yalikuwa yamesafiri siku mbili katika joto. Na hata yangefika vizuri, ni maji ya juzi. Maji aliyokunywa Shija yalikwisha kunywewa. Hakuna mtu duniani anayeweza kuyapima.

Yote haya nilimwambia. Safari hii sikuongeza neno wala sikupunguza. Alinisikiliza akinitazama mdomoni, kama anavyotazamwa mtu anayesema lugha ya mbali.

"Kwa hiyo hamwezi."

"Hatuwezi, dada."

Akafikiri. Kisha akaniwekea ile chupa mikononi.

"Basi yaweke. Siku mtakapoweza, mpime."

Nilimbembeleza alale kwangu, akakataa, treni ya kurudi ilikuwa jioni ile na ana mihogo majini. Nilimsindikiza hadi stesheni. Alinunua karanga akanigawia nusu.

Chupa ipo kwenye rafu, karibu na dirisha. Kwa sheria zetu haifai kuwepo: haina lebo, haina namba, haimo kitabuni, na sampuli iliyopitwa na muda wake humwagwa. Nimeshika kalamu mara kadhaa kuandika lebo, na sijui niandike nini. Bwana Seif, ambaye hawezi kuona chupa isiyo na jina ikamaliza saa moja bila kupaza sauti, amepita mbele yake siku nne sasa. Anaiona. Haulizi.

Mama, uliniandikia niombe uhamisho nirudi Kigoma niwe karibu nawe. Nimefikiri sana. Sina nguvu ya kusema ndiyo wala ya kusema hapana. Asubuhi naamka, naenda, naosha chupa, napima maji ya watu nisiowajua, na kila karatasi ninayoiandika naisoma mara tano kabla ya kuipeleka isainiwe. Watu wanasema nimekuwa mfanyakazi mzuri.

Nakuomba usinijibu kwamba si kosa langu. Najua utataka kusema hivyo. Niandikie tu habari za nyumbani, za uani, nani kaolewa, nani kajifungua. Na kama utaweza, msomee Fatiha mtoto Shija. Hakuwa wa dini yetu, lakini sidhani atakataa.

Nisalimie baba mdogo fundi cherehani, mwambie gauni alilonishonea sasa linanipwaya, lakini nalivaa. Nisalimie shangazi wa sokoni, na mke wa kaka, mwambie namwombea ajifungue salama, na tangu sasa achemshe maji ya kunywa, yote, hata yawe ya bomba. Zena, hili ulisimamie wewe. Bibi mkumbatie kwa mikono yangu, asiambiwe habari hizi, atanililia bure.

Nimeishiwa karatasi, na treni ya Kigoma haimngoji mtu. Usikae sana juani, mama.

Ni mimi mwanao,
Tatu